Mtihani Nilioufanya Nikiwa Nimewekwa Ndani

Siku ya nne ya kuwekwa ndani, mie bibi harusi mtarajiwa nilikuwa juu ya foklifti kwenye ghala moja Mesquite, pembeni ya Dallas, uso umepakwa liwa na manjano mpaka masikioni, nanyanyua mzigo mbele ya mtahini.

Usicheke. Au cheka, lakini usiondoke.

Jina langu Mwanakombo. Nimezaliwa Pangani, nimesomea Tanga mjini, nimeachikia Dallas.

Mume wangu wa kwanza alikuwa na msemo wake: "Mke wangu hafanyi kazi, mke wangu anatunzwa." Nikaacha kazi. Nikatunzwa miezi kumi na minane. Wa kumi na tisa akapata mwingine wa kumtunza, mie nikabaki na begi moja na blenda.

Blenda yenyewe haina mfuniko.

Kwa hiyo foklifti kwangu si chuma, ni ndugu. Niliingia pale ghalani kupanga maboksi, viganja vikachubuka, nikajifunza kuendesha, nikapata cheti. Nikapanga nyumba kwa jina langu. Nikanunua na blenda nyingine.

Ndipo akaja Mbaruku.

Mzanzibari anayeishi Houston, fundi wa viyoyozi, mpole, akicheka anacheka kwa pua. Alifuata taratibu zote. Mshenga akaja na barua ya posa, baba yangu Tanga akapigiwa simu, akaridhia. Nikasema haya, hii ni ndoa ya pili, hatuna haja ya mbwembwe. Sheikh, pilau, tumemaliza.

Mama yake, Bi Mize, akatia neno.

Bibi harusi awekwe ndani siku saba. Asione jua, asishike simu, asiongee na bwana harusi. Bila hivyo hakuna ndoa.

Jamani, kwetu anayewekwa ndani ni mwari, binti asiyewahi kuolewa. Mtu mwenye miaka thelathini na sita, kishaachika, misuli ya mkono kama ya kuli, anawekwa ndani afichwe nini?

Nikajijibu mwenyewe: bibi huyu hanitaki. Ananitegea nikosee, aseme "si niliwaambia."

Basi na mie sikosei.

Nikaomba likizo. Akaletwa somo wa kunifunda kutoka Houston, Bi Mwatumu, miaka sabini na ushei, mikono kama msasa. Akafunga mapazia ya nyumba yangu, akaiweka simu yangu ndani ya debe la mchele, akaanza kunisugua kama sufuria ya ubwabwa ulioungua.

"Bi Mwatumu, ngozi inatoka."

"Iliyokuwa ya mume wa kwanza hiyo. Iache iende."

Siku tatu nilikaa kimya kama mgeni. Ya nne, asubuhi, mlango ukagongwa. Alikuwa Jerioth, Mkenya wa Nyeri, tunafanya naye kazi. Kashika bakuli la chapati.

"Shikamoo mama. Nimeletea bibi harusi chapo."

Bi Mwatumu akachukua bakuli, akaingia nalo jikoni. Jerioth akaniinamia.

"Kombo, kumeharibika. Sheldon amesongesha mtihani."

Sheldon ni msimamizi wetu. Cheti cha foklifti kina muda wake, ukiisha unapimwa upya. Mtihani wangu ulikuwa umepangwa baada ya harusi.

"Kausogeza lini?"

"Leo. Saa saba mchana. Ukikosa unarudi kwa maboksi, na foklifti yako anapewa Dedan."

"Si umwambie niko likizo?"

"Nilimwambia. Akasema mtahini haji mara mbili."

Nikitoka, Bi Mize kapata alichokuwa anakitafuta na Mbaruku wangu kaenda. Nisipotoka, naingia tena kwenye ndoa nikiwa mikono mitupu.

Na mikono mitupu naijua. Nishalala nayo.

Baada ya chakula Bi Mwatumu akajilaza kwenye kochi. Dakika mbili hazikufika, akaanza kukoroma kama jenereta bovu.

Nikavaa baibui, nikavaa nikabu, nikatoka kwa ncha za vidole. Jerioth alikuwa ananisubiri kwenye gari.

"Si ungenawa kwanza?" akaniambia, anatazama macho yangu yaliyozungukwa na umanjano.

"Nimenawa, mwenzangu. Haitoki."

Ghalani Sheldon akanitazama juu mpaka chini. Akasema sheria ni sheria, mtahini lazima auone uso wa dereva ndipo aulinganishe na picha. Nikafunua.

Mtahini akarudi hatua moja nyuma. Sheldon akauliza kama naumwa ini.

"Ni mila yetu," Jerioth akamjibu kwa Kiingereza, mkavu kabisa. "Kila bibi harusi hupakwa. Hata mimi nilipakwa."

Huyo ni mtu wa kanisa la Presbiteri, na liwa kaiona mara ya kwanza asubuhi ile ile.

Nikapanda. Nikakagua breki, nikapiga honi kwenye kona, nikanyanyua, nikarudi kinyumenyume kati ya rafu mbili bila kugusa hata ubao. Nilipomaliza, mtahini akaweka sahihi huku amesimama mbali, kama vile manjano yanaambukiza.

Nimefaulu. Nikalia kidogo, michirizi ikashuka mashavuni.

Saa tisa kasoro tukarudi. Mlangoni kwangu nikakuta jozi ya viatu nisiyoijua. Viatu vya mama mtu mzima, vimepangwa sawasawa.

Nikafungua.

Bi Mize alikuwa ameketi kwenye kochi, mtandio mweupe, tasbihi mkononi. Kapanda basi kutoka Houston bila kumwambia mtu. Pembeni yake Bi Mwatumu, macho makavu, anakula chapati.

"Mwari katoka ndani," Bi Mize akasema.

Uongo ulikuja mdomoni mpaka kwenye meno. Kwamba nimekwenda hospitali, kwamba nimeishiwa na dawa. Nikautazama, nikaumeza.

"Shikamoo mama. Nimekwenda kufanya mtihani wa foklifti. Cheti kingeisha. Kama ndoa inavunjika kwa hilo, ivunjike leo, bado sijazoea kuitwa mke. Mie mumeo mtarajiwa wa mwanao nampenda, lakini kazi hii siiachi tena kwa mwanamume."

Maneno yalinichanganyikia, nikasema "mumeo" badala ya sijui nini. Hakuna aliyecheka.

"Umefaulu?" akauliza.

"Nimefaulu."

Akashusha pumzi. Akagonga kochi kwa kiganja, kaa hapa.

"Mwanangu namjua, nimemzaa. Mtu mzuri. Lakini mwezi uliopita amewaambia ndugu zake kwamba mkishaoana utahamia Houston na kazi utaacha, maana yeye mke wake anatunzwa. Anasema atakwambia baada ya harusi, polepole."

Nikasikia msemo ule ule, mdomo tofauti.

"Baba yake alinitunza hivyo hivyo," akaendelea. "Miaka kumi na mmoja. Nilikuwa mshonaji mie, cherehani ikaoza."

"Sasa mama, kwa nini ukaniweka ndani?"

"Mbaruku kutwa yuko kwenye simu yako. Nikikupigia, anajua. Nikija, anakuja nyuma yangu. Marekani yote hii hakuna pahala mwanamume asipofika, isipokuwa kwa mwari aliyewekwa ndani. Nilitaka siku saba. Bi Mwatumu kazi yake ilikuwa kukupima kwanza kama una moyo."

Nikamgeukia Bi Mwatumu. "Kwa hiyo ule mkoromo?"

"Mimi sikoromi," akasema. "Muulize marehemu mume wangu."

Jumamosi tukafunga ndoa kwenye msikiti mmoja wa Richardson. Sheikh akaja upande wa wanawake kuomba idhini. Kawaida bibi harusi anainamisha kichwa, anakaa kimya, kimya ndicho "ndiyo" yake.

Mie nikafungua mdomo. Nikasema nakubali, ila aahidi mbele ya mashahidi kwamba kazi yangu hataigusa.

Sheikh akarudi kwa wanaume. Tukamsikia kwenye spika akiufikisha ujumbe, neno kwa neno.

Nikasogea karibu na spika.

Halafu sauti ya Mbaruku: "Nani kamwambia nilitaka kuigusa?"

Msikiti mzima wa wanaume ukaangua kicheko. Upande wetu, Bi Mize alikuwa anatafuna kaimati, taratibu, anatazama dari.

"Jibu, bwana harusi," sheikh akasema.

"Naahidi," akasema. Kwa pua.

Huu mwaka wa pili. Kahamia yeye Mesquite, maana kiyoyozi Texas kinaharibika kila pahala. Mpaka leo anaamini aliyenipasha habari ni Jerioth, eti kaisikia kwa ndugu zake, na Jerioth kakubali kuubeba msalaba huo kwa sambusa za kila Ramadhani. Naandika hapa bila wasiwasi, kwa kuwa mume wangu akiona andiko refu kuliko matokeo ya mpira analiruka.

Dada yangu, wakwe wakikuletea mila iliyokushinda kuelewa, usiwahi kununa. Uliza aliyeileta yeye aliumia wapi.