Kesi ya Diski na Mikorosho ya Kitaya

Nina stashahada ya umeme. Niliilipia mwenyewe kwa kubeba mizigo kwenye bandari za watu, na niliporudi Mtwara nilishuka na kompyuta mpakato wakati wenzangu walishuka na magodoro. Naanza na hilo ili ieleweke kwamba mtu aliyechanganyikiwa kwenye duka la vifaa vya kompyuta pale Chuno, mjini, siku ile hakuwa mshamba.

Kompyuta ilikufa, diski yake ikabaki nzima. Ndani yake mlikuwa na video niliyoirekodi kwa simu kijijini Kitaya mwaka niliorudi: mjomba, kaka wa mama yangu, akionyesha mpaka wa mikorosho aliyonipa. Kwetu mpwa hurithi kwa mjomba, lakini siku hizi watoto nao wanadai cha baba yao. Mjomba alikwishafariki, mwanawe alidai shamba zima, na baraza la kijiji lilikuwa linakaa Jumamosi. Sikuwa na ushahidi mwingine.

"Nataka kesi ya kutia diski, niichomeke kwenye kompyuta nyingine," nilimwambia dada muuzaji.

"Diski gani, mkuu?"

"Ya kawaida."

Akacheka, akapanga kesi nne mezani. Nilichagua kubwa, yenye waya wake wa umeme, nikamwambia mwenye diploma haogopi waya. Diski ikacheza ndani kama kunde kwenye debe. Nikachukua ya bei ya juu. Kumbe ni ya diski za aina nyingine, nyembamba kama bazoka ya kutafuna. Ya tatu iliingia sawasawa. Tukaichomeka kwenye kompyuta ya dada, taa ikawaka, yakatokea maandishi: diski haisomeki, je, uifomati?

Nilidhani kufomati ni kutengeneza. Nikapeleka kidole.

"We kaka!" Alinidaka mkono. "Hapo unafuta kila kitu! Diploma ya nini hiyo?"

"Ya umeme."

"Basi kapande nguzo."

Akaihamishia diski kwenye kesi ya nne, ya plastiki, rahisi kuliko zote. Ikafunguka. Diski ile ile! Nilimuuliza kwa nini. Alisema kila kesi ina namna yake ya kuisoma diski, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mpaka leo sijaelewa.

Tukaicheza video. Kioo chote kikajaa uso wangu na miwani ya jua. Nilikuwa nimegeuza kamera ya simu, nikajirekodi mwenyewe. Sauti ya mjomba ikasikika pembeni: "Kuanzia mkorosho huu mpaka ule kule, ni ya mpwa wangu." Mkono wake haukuonekana, wala mkorosho hata mmoja. Aliyeonekana, nyuma ya bega langu, ni mwanawe, akitazama kule baba yake alikoonyesha na kuitikia kwa kichwa.

Sikujua kama nimeshinda au nimeshindwa. Nikampigia simu huyo mwana wa mjomba palepale dukani.

"Binamu, siku ile mjomba alionyesha mkorosho upi?"

"Msomi ni wewe. Tazama kwenye mashine yako."

"Nimetazama. Umo wewe."

"Nimo nafanya nini?"

"Unakubali."

Akaniambia nifike Ijumaa, kabla ya baraza, tukaupitie mpaka wa shamba kwa miguu, yeye na mimi tu.

"Na safari hii," akasema, "simu iache nyumbani."