Headline yangu ya kwanza ilimfukuzia Mama Atieno wateja, Nyamasaria

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Naona humu vijana wanalia kila siku. "Nimeandika article kali, hakuna mtu anabonyeza." Mwingine landing page yake imekaa mwezi mzima, hata nzi hatui.

Mimi siku hizi nakula kwa kuandikia watu headline mtandaoni. Lakini hiyo kazi nilijifunza kwa kibao cha mbao, na paper ya kwanza nilifeli vibaya. Nitawaambia vile ilikuwa, aibu na yote. Kama kuna mtu humu alikuwa anapita Nyamasaria mwanzo wa miaka ya tisini, anishike nikidanganya.

Enzi hizo nilikuwa signwriter Kisumu. Brashi mbili, mkebe wa rangi, na mdomo. Nimechora maduka ya Wahindi mjini, nimechora mageti ya Milimani. MBWA KALI nimeandika mpaka mbwa wenyewe wakanizoea.

Sasa kulikuwa na Mama Atieno, mjane kutoka Usenge, kule ziwani. Alikodisha kibanda kando ya barabara ya Nairobi, akafungua hoteli ya samaki. Kaka yake alikuwa anamtumia ngege kutoka beach kila asubuhi. Wakuu, hiyo samaki ilikuwa tamu! Shida ni kwamba kibanda hakikuwa na maandishi yoyote, malori yalikuwa yanapita tu. Wateja walikuwa wale wachache wa karibu.

Na huyo mama alikuwa na binti, Atieno mwenyewe. Nadhani mmeshaelewa kwa nini nilikuwa nakula pale kila siku.

Siku moja Atieno ananiletea sahani, ananiambia polepole, "Mama anasema watu wasipoongezeka mwezi huu, tunafunga. Tunarudi Usenge."

Nikamwita mama yake hapo hapo. "Mama, nitakuchorea kibao. Bure."

Nikawaza siku mbili. Nikakumbuka kwamba kila mwanamume aliyeoa anajisifu vile alilishwa ukweni. Kuku mzima, ugali mlima. Nikasema haya, nimepata! Nikaandika kwa herufi nyekundu:

KARIBU KWA MAMA MKWE
UTAKULA MPAKA USEME BASI

Nilirudi nyuma hatua kumi nikajipigia makofi. Atieno alisoma, akashika mdomo, akakimbilia jikoni. Nikajua imeingia.

Kesho yake lori linakuja, linapunguza mwendo, dereva anasoma, anacheka, anaenda zake. La pili hivyo hivyo.

Mbaya zaidi, hata wale wa karibu wakapotea. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyezoea kula pale amekunja mikono ya shati mpaka kwenye kiwiko. Huyo alikuja na koti. Jua la Kisumu mnalijua! Akakaa karibu na mlango, akala matonge matatu, akasema, "Asante sana mama, nimeshiba," akatoka.

"Samaki yangu imekuwa na nini?" Mama Atieno akaniuliza.

Wiki mbili zikaisha. Nikamkuta anafunga sufuria kubwa kwa gunia. Wacha niseme ukweli, nilitaka kulia.

Nikaenda kumtafuta Bwana Okelo, dereva wa lori la mchanga. Alikuwa mteja wetu, sasa alikuwa anakula mandazi kavu ng'ambo ya barabara.

"Bwana Okelo, mbona umetutupa?"

Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe umeoa?"

"Bado."

"Ndiyo maana unaandika ujinga. Sikiza. Kwa mama ya bibi yangu mimi naenda na koti. Naenda na wazee. Siendi mikono mitupu, na siwezi kula yeye akiniona. Sasa wewe unataka nitoke kwa mchanga, jasho hivi, niingie kwa mama mkwe nifyonze kichwa ya samaki? Najua ni mchezo. Lakini nikisoma hiyo kibao, koo inajifunga yenyewe."

Wuololo! Na mimi ni Jaluo kamili. Nimezaliwa town, bachela, habari ya kuku nilikuwa nayo. Habari ya koti hakuna aliyenipa.

Nikamuuliza, "Ungesoma nini ndio uingie?"

"Mimi nataka kujua kama samaki ni ya leo. Na ugali ikiisha, kama naongezewa. Basi."

Yaani maneno ambayo Mama Atieno alikuwa anasema kila siku akipakua! Nilikuwa nayasikia nikimwangalia binti yake.

Nikafuta kibao. Lakini mama akakataa kwanza. "Na siku samaki imechelewa? Sitaki kuitwa mwongo kando ya barabara."

Kwa hivyo mstari wa katikati nikauandika kwa ubao wake mdogo, nikauning'iniza kwa waya:

SAMAKI YA USENGE
IMEFIKA LEO
UGALI TUNAONGEZA

Okelo akarudi, akaleta wenzake. Siku ya tatu mvua ikaharibu barabara, samaki haikufika. Mama akatoa ule ubao mdogo. Nikasema leo tumekwisha. Okelo akasimamisha lori, akaona pengo, akacheka, akaingia akala maharagwe. Akawa anawaambia madereva mpaka Ahero, "Kwa huyo mama, ukiona imeandikwa imefika, imefika."

Mwisho wa mwezi sufuria kubwa ilitoka kwa gunia, na benchi mbili zikaongezwa. Usenge haikutajwa tena.

Basi vijana, kabla hujaandika headline, nenda ukamuulize yule anayepita bila kuingia. Andika anachotaka kujua. Na kama leo hakuna samaki, toa ubao.

Mwaka uliofuata nilivaa koti, nikaita wazee, tukaenda kumposa Atieno. Tulikubaliwa.

Tangu siku hiyo sijakanyaga ile hoteli kula. Malori yanajaa, watu wanafyonza vichwa vya samaki chini ya maandishi yangu, mimi napita nikinusa. Kile kibao cha kwanza, cha KWA MAMA MKWE, kumbe kilikuwa changu peke yangu.

Haya wakuu, tupieni za kwenu. Headline gani ilikufanya upite bila kuingia?