Mababu Kumi na Wawili Ndani ya Kanda

Juzi mpwa wangu alitoa stoo redio ya kaseti ya marehemu mjomba, akabonyeza kitufe cha kurekodia. Tak! Mlio ule mdogo ulinirudisha utotoni. Nilikuwa hapa dukani Garsen, mwanamke mzima mwenye mjukuu, nikamwambia aizime upesi.

Acheni niwaambie, maana sijamwambia mtu. Tulitoka Mogadishu mimi na mama nikiwa na miaka minane. Serikali ya mapinduzi ilikuwa imeishika nchi, na kila mtaa ulikuwa na watu wake wa kusikiliza. Baba, mwalimu wa hesabu, hakuruhusiwa kuondoka. Kila wiki alijipeleka ofisini kwao aonekane. Aliwaambia kuwa mke na binti yake wamekwenda nyikani kumuuguza bibi. Kumbe tulikuwa tumevuka mpaka, tukafikia kwa mjomba hapa Garsen. Miezi mitano ikapita, baba hajui kama tuko hai.

Barua zilifunguliwa, kwa hiyo Wasomali tulitumiana sauti. Unarekodi maneno yako katikati ya nyimbo, na kanda inapita kama muziki. Mama alisubiri mpaka akapatikana mtu wa kuaminika, Haji Salat, mchuuzi wa ng'ombe.

"Jina la mtu usitaje," mama aliniambia. "Jina la mji usitaje. Hata mto usiutaje. Mdomo uliofunikwa ni dhahabu."

Akarekodi maneno machache: tumefika, mtoto anakula, anarefuka. Kisha akaingia ndani kuswali, nami nikabaki na redio.

Sasa mjue, mtoto wa Kisomali hufundishwa majina ya mababu zake kabla hajajua kusoma. Baba alikuwa akinifundisha kila jioni, na tulipoagana nilikuwa nakwama kwa babu wa kumi. Hapa Garsen nilikuwa nimefika wa kumi na mbili, na hakuna aliyenisifu. Shuleni walikuwa wameniandikisha kwa jina la mjomba, jambo lililoniudhi sana. Basi nikabonyeza kitufe, nikamwita baba. "Aabo, sikiliza, nimemaliza wote." Sahra Yusuf Guleed Warsame... nikashuka nao mpaka wa mwisho bila kupumua.

Asubuhi, lori la Haji lilipokwisha kuondoka, nilimweleza mama kwa majigambo huku tukinywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Umesema nini?"

"Mababu tu, hooyo. Hao si siri, ni wetu."

Kwetu majina yale yanamtaja mtu kuliko kitambulisho chochote. Ilikuwa sawa na kumshika baba mkono, nikampeleka mwenyewe kwa wale watu. Hilo sikulijua, nilichojua ni kwamba mama, ambaye hata jua kali lilimkuta akitembea taratibu, alikuwa anakimbia.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na jirani yetu Jilo, fundi cherehani wa Kipokomo, alikuwa na baiskeli. Mama hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Akapanda nyuma, mimi mbele, tukalifuata lori.

"Mama, wewe shika mimi tu," alisema Jilo. "Baiskeli haina shida. Shida ni hii matope."

Tulianguka mara mbili. Siku nyingine ningecheka mpaka nitokwe na machozi, kumwona mama na buibui lake lote limegeuka udongo mweusi. Alikuwa akiomba Mungu kwa sauti. Tulipoliona lori limezama mpaka ekseli, wanaume wakilisukuma, alishuka kabla baiskeli haijasimama.

Haji alimrudishia kanda bila kuuliza.

"Una kanda nyingine na redio, Haji? Nirekodi hapa hapa."

"Barabarani hapa nitoe wapi, mama?"

"Basi wenzako wamwambie mume wangu kwa mdomo. Neno moja tu: wamefika."

Haji akatikisa kichwa. "Mimi naishia mpakani. Yule anayepokea namwamini kwa muziki. Kwa maneno simwamini."

Mama akauvuta utepe wote kwa vidole, pima kwa pima, akaukanyagia matopeni. Hakunipiga. Nilitamani anipige.

Kabla hajapatikana msafiri mwingine, tukasikia baba amefungwa. Baada ya miaka miwili alikuja mtu aliyekuwa naye gerezani, akazungumza na mama nyuma ya duka. Mama alitoka amenawa uso.

"Baba yako amefariki, Mungu amrehemu. Lakini habari zetu zilimfika. Alicheka sana aliposikia umemaliza mababu wote."

Niliishi kwa kicheko hicho zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka juzi tulimzika mama. Mtu yule, sasa mzee wa bakora, alikuja kutupa pole, nami nikamshukuru kwa kutuletea habari ya baba kucheka.

"Kucheka gani, binti yangu?" alisema. "Yusuf alimuuliza kila mfungwa mpya: mke wangu na Sahra walifika? Hakuna aliyejua. Aliuliza mpaka siku aliyokufa, na hivyo ndivyo nilivyomwambia mama yako."

Nilikaa chini kwenye mkeka nikalia kwa aibu. Mama alijua. Alinisuka nywele akijua, akaniozesha akijua, akanipokelea watoto wangu akijua. Tuligombana mara nyingi, maana sote wawili tulikuwa wakali, na neno hilo moja ambalo lingenimaliza, kwamba baba alikufa hajui kwa sababu ya kanda yangu, hakulitamka kamwe.