Mbegu za Miti Mibaya

Katika bonde la Kurrako, kwenye milima ya Chile, kumrudishia mtu mbegu za mti wa pewen alizokupa kwa mkono wake ni sawa na kumtemea mate. Ermelinda Curriao alizirudisha nyumba kwa nyumba, mchana kweupe.

Chanzo kilikuwa moto. Uliteketeza mteremko mzima wa pewen, miti ambayo watu wa bonde huokota mbegu zake, wakazichemsha, wakazisaga unga, wakatengenezea kinywaji. Mkutano ukaamua mteremko upandwe upya kabla theluji haijaanguka. Mbegu zitoke wapi? Wote wakamgeukia Zunilda, mke wa kaka yake Ermelinda, mwenye ule mti mnene karibu na zizi, unaozaa mbegu nono kama dole gumba.

"Chukueni mpaka mchoke," Zunilda akasema, kifua mbele.

"Mteremko mzima watoto wa mama mmoja?" Ermelinda akauliza. "Na ugonjwa ukirudi?"

Ugonjwa ulikuwa umeshapita mara moja, ukikausha matawi kuanzia chini kwenda juu. Nyuma ya nyumba ya Ermelinda ilisimama miti miwili bega kwa bega, udongo mmoja, mvua moja. Ule ulionyooka ukafa. Uliopinda haukupoteza hata tawi. Ndani yake mlikuwa na nini ambacho mwenzake hakuwa nacho? Ermelinda hakujua, na mpaka leo hajui. Alijua tu kwamba unono wa mbegu haukuonyesha mti upi utapona.

"Ee wifi, sasa unaona wivu hata kwa mti?" Zunilda akasema. Watu wakaangua kicheko. Anayetaka mbegu nyingine, wakasema, akazitafute mwenyewe.

Akazitafuta. Kila familia ina eneo lake la kuokotea, kwa hiyo akapita kuomba konzi moja kila nyumba. Walimpa bila kinyongo. Lakini alipozimwaga mezani kwake, zote zilikuwa nono, zimefanana kama mapacha. Wapi! Kila mwaka Zunilda huwagawia majirani, na kule mgeni hapewi mbegu nyembamba. Kila nyumba ilikuwa imempa kilicho bora, na kilicho bora kilitoka mti ule ule!

Ndipo akazirudisha.

"Umerukwa na akili?" mzee Nolberto, jirani yake, akafoka. "Nimekuchambulia moja moja!"

"Ndiyo maana nazirudisha, baba. Nataka za ule mti wenu mbaya, ulioko kwenye miamba."

"Ule hata panya wanaudharau!"

"Basi wataniachia nyingi."

"Nenda kaziokote mwenyewe, uone baridi ya kule!"

Wengine nao wakamwambia hivyo hivyo, wakamfungia mlango. Ermelinda hakusikia tusi. Alisikia ruhusa.

Akapanda na farasi wake mpaka kwenye miamba ambako upepo unakata masikio. Chini ya kila mti alinyunyiza kinywaji kidogo cha pewen kama sadaka, akaomba, akachukua konzi moja, akahamia mwingine. Alirudi midomo imepasuka, gunia limejaa mbegu fupi, nyembamba, nyekundu, za kila sura.

Siku ya kupanda, Zunilda alimsubiri mteremkoni, mikono kiunoni.

"Takataka hizo hazipandwi hapa. Hii ni ardhi ya babu wa mume wangu."

"Ni babu yangu pia, wifi. Mimi nilizaliwa hapa, wewe ulikuja na sanduku. Sogea."

"Nisiposogea?"

"Nitakuzunguka."

Akachota mbegu nono kwenye gunia la Zunilda na mbaya kwenye lake, akazichanganya kwenye aproni. Akapiga magoti mbele ya viatu vya wifi yake. Shimo, mbegu, udongo. Shimo jingine. Watu waliacha kazi, wakatazama. Akazunguka hivyo mpaka akafika alipoanzia, Zunilda akiwa katikati kama nguzo.

"Sasa nitatokaje?" Zunilda akauliza.

"Kanyaga, ukitaka. Ninazo nyingine."

Zunilda akatazama chini. Kisha akainua sketi, akatafuta mahali pa kuweka mguu, akavuka bila kugusa hata shimo moja.

Ermelinda hakumshukuru. Alikuwa ameshaanza safu nyingine, na mzee Nolberto alikuwa amekuja na koleo lake, akinung'unika kuhusu panya.