Gari Ambalo Hakuna Aliyelisema Vibaya

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa mjomba wangu, wiki niliyohamia kwake baada ya kumaliza chuo, ni kwamba haketi kwenye kiti kabla ya kukijaribu. Hukisogeza nyuma, hukisogeza mbele, hunyoosha mguu wa kushoto kama anayetafuta klachi, ndipo anakaa na kuomba chai. Miaka ishirini na miwili ya kuendesha malori ya watu imemfanya aamini kwamba ubaya wa gari lolote huanzia kwenye kiti.

Mwaka huu aliamua kuwa na lori lake mwenyewe. Kiwanda cha saruji kilimpa nafasi moja ya kubeba mzigo, kwa sharti kwamba afike getini na gari lake Jumatatu asubuhi. Asipofika, nafasi anapewa mwingine, naye hana pa kurudi, kwa sababu alikwisha kumuaga tajiri wake kwa maneno makavu.

Muuzaji alikuwa na vichwa vitatu vya mtumba, yaani yale magari ya mbele yanayovuta tela, kila kimoja cha aina yake. Madereva wameyapa majina. Pua Ndefu ni lile ambalo injini hutangulia mbele ya kioo. Uso Bapa ni lile ambalo dereva hukaa juu ya injini. La tatu, jipya kuliko yote, linajibadilishia gia lenyewe, nao huliita Kimya. Mjomba alitakiwa kutoa jibu kufikia Alhamisi.

Pua Ndefu alilipenda tangu ujana. Ilimchukua siku mbili kukubali kwamba likifungwa tela haliwezi kugeuka katika uwanja wa kupakilia wa kile kiwanda. Aliupima uwanja kwa hatua mara tatu, na kila mara hatua zake zilizidi kuwa fupi ili uwanja uzidi kuwa mrefu. Mlinzi wa getini ndiye aliyemwambia aende nyumbani.

Yakabaki mawili. Mjomba akachukua daftari, akaenda kwenye maegesho ya malori, akawauliza madereva mmoja mmoja. Alirudi jioni kurasa zimejaa, akanipa nimsomee. Uso Bapa linapanda mlima kama limeitwa. Halili mafuta, halisumbui. Nikafungua ukurasa wa Kimya: linapanda mlima kama limeitwa, halili mafuta, halisumbui. Kesho yake akaenda tena, akarudi na sifa zilezile kwa mwandiko mbaya zaidi. Siku ya tatu, Jumanne, vilevile.

Mkaza mjomba, ambaye ni fundi cherehani na hufanyia kazi sebuleni, alikuwa amevumilia siku zote tatu huku akikata vitambaa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Jumanne hiyo aliweka mkasi chini.

"Baba Pacha, nikuulize. Lile gari la tajiri lilipokulaza mlimani siku nne, ukarudi hapa na grisi mpaka masikioni, ulisema nini?"

Mjomba alikuna shingo. "Nilisema gari zuri, barabara mbaya."

"Haya. Na hao wenzako unadhani wamekuambia nini?"

Mjomba alichukua daftari, akalifunga. Dereva hasemi vibaya gari analoliendesha. Wengine hudai kwamba gari husikia na litalipiza kwenye mteremko. Wengine huona kwamba kulitukana ni kuutukana mkono wako mwenyewe. Hakuna anayefundishwa jambo hili, na hakuna anayelivunja. Mjomba alikuwa amelishika kwa miaka ishirini na miwili, na bado alipoteza siku tatu nzima kuwahoji watu waliofungwa nalo kama yeye.

"Hata wewe ukiulizwa habari zangu huko njiani, utanisifu tu, utafanyaje," mkaza mjomba aliendelea, pini zikiwa mdomoni. "Waulize magari waliyoachana nayo."

Jumatano tukaenda wote, nami nikashika daftari. Mzee mmoja wa matangi ya mafuta, ambaye siku hizi huendesha Kimya, alilisema Uso Bapa lake la zamani kwa nusu saa bila kumeza mate. Joto la injini lilimbabua nyayo. Vioo vya pembeni vilitetemeka hata akajiona wawili. Mgongo wake, alisema, ulibaki ndani ya lile gari.

"Lilikulaza njiani?" mjomba aliuliza.

"Kulala? Lingethubutu vipi. Hata mimi lilininyima usingizi."

Wanne wengine walilalamika vivyo hivyo: maumivu na joto, lakini walifika. Kisha tukampata jamaa mnene aliyeacha Kimya. Alikiri kwamba kiti chake kilikuwa kama kitanda, na kwamba unene wote ule aliupatia humo. Lakini siku moja taa ndogo ya njano iliwaka, gari likazima kwa adabu kabisa, na akakaa porini siku tano akimsubiri mtu wa kuja na kompyuta. Wa pili akasema siku sita. Wa tatu hakutaka kukumbushwa.

Mjomba alirudi nyumbani amenuna. Jibu alikuwa nalo, na hakulipenda hata kidogo.

"Miaka yote nimekalia viti vibaya vya watu," alisema. "Leo nijinunulie changu, na chenyewe kibaya?"

"Wewe lete gari," mkewe alimjibu. "Kiti niachie mimi."

Alhamisi akalilipia Uso Bapa. Muuzaji akasema linabadilishwa matairi ya nyuma, na kwamba atalileta mwenyewe Jumamosi kabla ya saa sita.

Leo ndiyo Jumamosi, na ni saa tano na nusu. Mjomba ameng'oa bawa moja la geti ili lipite. Muuzaji amepigiwa simu mara nne, na mara zote nne amejibu kwamba ndiyo kwanza anatoka. Mkaza mjomba amesema akipigiwa mara ya tano atazungumza naye yeye, na ametuomba tusiwepo karibu. Mjomba amesimama kona ya barabara, mikono kiunoni, akitazama upande ambao lazima litokee.