Kitabu cha Mwisho Barazani kwa Shangazi

Nyumbani kwa shangazi yangu, Kawempe, kulikuwa na sheria moja ambayo hata marehemu mumewe hakuthubutu kuivunja: hakuna anayefungua kitabu kabla ya wenzake. Kitabu kikifika kilifungwa ndani ya leso, kikawekwa juu ya kabati la vyombo, na hapo kikakaa mpaka alasiri, wanawake wote waje na kofia zao. Shangazi mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa msomaji, hakuchungulia hata mstari. Alisema anayechungulia mwisho ni mwizi. Nilimwambia huo ni ukaidi wa kizee tu, akanicheka.

Tulikuwa washona kofia. Bibi zetu walikuja na kazi hiyo kutoka pwani, wakifuatana na waume zao wafanyabiashara, na ingawa Kiswahili chetu kilikuwa kimekwisha kuingiliwa na Kiganda, mkono wa kofia haukupotea. Kofia ya mkono inaumiza macho na shingo. Ni kitobo baada ya kitobo, kila kimoja kizungushiwe uzi, na bila kitu cha kusikiliza utasinzia juu ya sindano. Kwa hiyo mmoja alisoma na sisi wengine tukashona.

Vitabu vililetwa na Mkenya mmoja aliyefanya kazi reli, mlokole mpole, sijui alivitoa wapi vitabu vya mauaji. Vilikuwa vyembamba, vyenye jalada jekundu, hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande vipande. Palikuwa na mpelelezi, na palikuwa na muuaji asiyejulikana aliyekuwa akiwanyakua wafanyabiashara na kuwatupa mtoni. Kila kitabu kiliishia pale pale roho inapokuwa juu, nasi tukabaki kubishana. Mimi nilishikilia kwamba muuaji ni daktari. Shangazi alisema ni mke mdogo wa yule marehemu wa kwanza, lakini shangazi aliwahi kuletewa mke mdogo, kwa hiyo ushahidi wake haukuwa na uzito.

Kusema kweli, miaka ile hatukuhitaji kusoma habari za watu kunyakuliwa. Kaka yangu alinyakuliwa. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja upande wa Bugolobi. Walikuja wanaume wa ofisi ya usalama ya serikali, wenye miwani myeusi na mashati ya maua, wakamtia ndani ya buti la gari mchana kweupe, wenzake wakitazama. Kilichorudi nyumbani ni kiatu kimoja kilichookotwa getini. Mama alikiosha, akakianika juani. Mpaka leo sijui kwa nini alikiosha.

Sasa, ng'ambo ya ua wa shangazi alihamia mtu wa ofisi hiyo hiyo. Alichukua nyumba ya matofali iliyoachwa na Mhindi aliyefukuzwa. Hakuna aliyetuambia kazi yake. Gari lake na miwani yake vilitosha. Mkewe alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyekulia kambi za jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Siku moja alivuka ua akiwa na kitambaa cheupe mkononi, akamwomba shangazi amfundishe kushona kofia. Shangazi angejibu nini? Akamsogezea mkeka.

Nilimchukia. Nilimchukia jinsi alivyokunja miguu, jinsi alivyonyoosha uzi, na zaidi ya yote sukari aliyotuletea wakati sisi wengine tumekwisha kusahau sukari ina rangi gani. Chai ya sukari yake niliinywa, tena nikaongeza kikombe, na chuki ikabaki pale pale. Mama alikaa naye mkeka mmoja bila kumwambia neno. Jirani huyo hakujua kusoma, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na hadithi ilimteka kuliko sisi sote. Kitabu cha mwisho kilipochelewa kwa sababu ya matatizo ya mpakani, ndiye aliyekuwa akiuliza kila alasiri: "Shangazi, ile ya mwisho bado kufika?"

Kikafika. Shangazi akakifungua kwenye leso, akapiga bismillahi, akaanza kwa ile sauti yake ya kutoa khabari nzito. Mpelelezi amemfuata muuaji mpaka nyumbani kwake. Muuaji anashuka garini. Amevaa miwani myeusi. Ni afisa wa serikali, na gari ni lile lile lililowabeba marehemu wote. Mpelelezi anachungulia uani, anamwona mke wa muuaji ameinama karoni, anafua shati la mumewe kwa maji baridi na chumvi ili damu itoke.

Hapo sauti ya shangazi ikashuka. Sindano zetu zote zilikuwa zimesimama, isipokuwa ya yule jirani. Ndipo nikaiona hasara ya ile sheria yetu ya kutochungulia: mtu mwingine yeyote angekisoma kitabu mapema na kukificha. Sisi tulikuwa tumekaa barazani, mchana, tukimsomea mke wa muuaji habari za mke wa muuaji. Watu walikuwa wamepotea kwa kucheka tu wakati usiofaa. Mwanamke huyu alihitaji tu kumwambia mumewe wakati wa kula, "wale wanasoma kitabu cha kuua maafisa," na shangazi yangu angeingia kwenye buti kama kaka.

Shangazi akameza mate, akaendelea. Kumbe yule afisa ni mtu mwema! Damu ni ya mbuzi wa sadaka. Muuaji, jamani, ni daktari. Daktari wangu! Nilipaswa kufurahi, sikuweza. Daktari akakamatwa, akaungama, akaungama tena, maana shangazi hakuwa mtunzi na hakujua pa kumpeleka.

"Shangazi," jirani akasema bila kuinua kichwa. "Wewe hapana funua karatasi."

Shangazi akashika ncha ya ukurasa, asiifunue.

"Toka ile shati, karatasi ni moja tu. Mimi najua kusoma hapana, lakini macho iko. Soma ile iko."

Mama akaweka kofia yake chini. Shangazi akatazama kitabu, akatazama nyumba ya matofali, kisha akafunua ukurasa na kusoma yaliyoandikwa. Ndugu za marehemu wanafika na mapanga na mipini ya majembe. Mpelelezi anajaribu kuwazuia, anasukumwa pembeni. Wanamtoa afisa chini ya kitanda, wanamburuta mpaka ukumbini, mpaka uani, na hapo wanamkata mpaka hakuna anayeweza kusema huyu alikuwa nani. Mwandishi hakuacha kitu. Shangazi alisoma yote kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma bei za sokoni.

"Na bibi yake?" jirani akauliza.

Shangazi akafunua ukurasa uliofuata. Palikuwa na tangazo la sabuni.

"Hawakumwandika, mwanangu."

Jirani akakata uzi kwa meno, akakunja kofia yake vizuri. "Hiyo kitabu choma, Shangazi," akasema. "Mimi leo sikusikia kitu."

Akavuka ua akaenda kwake.

Shangazi hakukichoma. Alikizamisha ndani ya gunia la mtama, kisha akatoa sanda yake sandukuni na kuiweka karibu na mlango, asije akawasumbua watu kuitafuta. Wiki ile kila gari lililopunguza mwendo lilitukausha mate. Hakuja mtu. Mume mwenyewe alipita siku moja, akasimama, akasifu kofia zetu, akatutakia mchana mwema. Basi tukajua kwamba mkewe amenyamaza. Alasiri jirani alirudi na kitambaa chake na sukari yake, akakaa mahali pake. Niliendelea kumchukia, ila sasa kwa tabu.

Kisha vita vikaja. Tulisikia mizinga kwa siku nyingi kabla ya kuwaona wenye mizinga, na askari wa Tanzania walipoingia mjini, watu walijaa barabarani kushangilia, na wengine hapo hapo wakaanza kubeba magodoro na milango ya maduka. Wakubwa wa ile ofisi walikuwa wamekimbilia mashariki. Mume wa jirani hakupata petroli. Siku zilizofuata vijana walizunguka mitaa wakiwatafuta watu wa aina yake, na hawakuwa wakiwapeleka kwa askari.

Mchana mmoja jirani alivuka ua pekupeku, hana hata mtandio. Hakuomba kitu. Alisimama tu mbele ya baraza, na barabarani tulikuwa tunasikia kelele za umati zikipanda. Shangazi akanitupia macho. "Leta mkeka," akasema. "Leta na kofia." Akamfunga jirani leso yake mwenyewe kichwani, akamkalisha kati yake na mama, akamtia sindano mkononi. Kitabu akakichomoa kwenye mtama, akakikung'uta, akaanza kusoma.

Waliingia uani na mapanga na mipini ya majembe. Walimjua mwanamume na gari lake. Mwanamke aliyekuwa hatoki nje hawakumjua; waliomjua ni sisi. Wengine wakavunja mlango wa nyumba ya matofali, na mmoja, kijana mwenye jasho, akaja mpaka barazani.

"Nyinyi! Bibi ya hii mutu iko wapi?"

Aliniuliza mimi. Neno lilikuwa mdomoni, na nitasema kweli, lilikuwa tamu. Nilikiona kiatu cha kaka kimeanikwa juani. Nikamtazama mama. Mama alikuwa amemshika jirani kiwiko, kama anayemfundisha mtu mshono, amekishika kwa nguvu mpaka vidole vyake vimekuwa vyeupe.

"Amekimbia," nikasema. "Toka juzi."

Walimkuta mume juu ya dari. Walimburuta mpaka ukumbini, mpaka uani, hatua chache kutoka pale tulipokaa. Alimwita mkewe kwa jina. Aliita mara nyingi, kisha sauti yake ikawa si ya mtu. Tulisikia kila pigo. Jirani alishona. Sindano ilimwingia kidoleni, ikatoka, ikaingia tena, kofia ikalowa damu, naye hakuinua kichwa wala hakutoa sauti, na sisi hatukuthubutu hata kumpangusa. Shangazi akapandisha sauti ili kumfunika yule anayeita. Alisoma kwamba mke wa afisa alioga, akavaa nguo safi, akapanda basi akaenda kwa ndugu zake, wakampokea, akazeeka huko. Alisoma habari za nyumba yake mpya, na bustani, na wajukuu. Alisoma mpaka uani kukawa kimya na watu wameondoka, na bado akaendelea, macho kitabuni, machozi yakimdondokea juu ya tangazo la sabuni. Hakufunua ukurasa hata mmoja, na safari hii hakuna aliyemwambia.