Mwanamke Aliyetupa Kisogo

Mwalimu Febronia alikuwa amefundisha historia kwa miaka mingi katika sekondari moja ya kata ya Lumemo, Ifakara, na alishachoka kuona wanafunzi wakikariri vita vya Majimaji kama kanuni za fizikia. Sababu, mwaka, matokeo. Mtihani ukiisha, vyote vimeyeyuka. Mwaka jana, masika yalipokatika, akawaambia kidato cha tatu wafunge madaftari.

"Nendeni nyumbani mkawaulize wakubwa: Mjerumani alipopita huku, kwenu kulikuwaje? Msiniandikie. Nichoreeni."

Rangi za dukani zilikuwa ghali. Wakatumia mkaa, majivu na udongo mwekundu uliochanganywa na uji wa muhogo ili ushike. Michoro ingekusanywa kwanza kwenye karatasi, kisha ihamishiwe ukutani, katika darasa la mwisho linalopakana na mashamba ya mpunga.

Karatasi zilipoletwa, nyingi zilikuwa kama alivyotarajia: bunduki, nyumba zinazoungua, wanaume waliofungwa minyororo. Lakini tatu zilimfanya avue miwani, aifute, aivae tena. Zote zilikuwa na mwanamke mmoja, yuleyule. Amewapa watu kisogo, kichwani kikapu kilichofunikwa kitambaa, mguu wa kushoto umepinda kidogo kwa ndani.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa Gosbert, Mndamba. Wa pili wa Ilham, ambaye ukoo wake ulitoka pwani kufungua duka mjini. Wa tatu wa Sayi, binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bondeni kulima mpunga.

"Mmeigiliziana?" Febronia aliwauliza.

"Hapana, Mwalimu," alisema Gosbert. "Babu hakutaka kusimulia. Nikachora tu."

"Hata mimi," alisema Ilham. "Mkono ndio ulichora."

Sayi alikuwa ameinamisha kichwa. "Mimi nilimwona."

"Ulimwona wapi?"

"Huku nyuma ya shule. Ilikuwa mchana, naenda shambani kuamia ndege wasile mpunga. Nikamwambia shikamoo, hakuitikia, nikajua ni mzee asiyesikia." Akainua kichwa. "Alikuwa anakatiza jaruba lenye maji, Mwalimu. Maji hayakutikisika."

Wenzake wakacheka. Febronia naye akacheka, ila zile karatasi tatu akaziweka kando.

Wakamchora ukutani, katikati ya michoro mingine. Wiki haikuisha, wanafunzi wakaanza kusogeza madawati mbali na upande ule. Walisema wanasikia harufu ya moshi, kama ya mpunga unaoungua ghalani. Febronia aliisikia pia, lakini hakumwambia mtu. Habari zikafika majumbani, na mkuu wa shule, Mwalimu Venance, akamwita.

"Mimi si mtu wa mambo hayo," alisema. "Lakini wazazi hawaachi kunipigia simu. Pakeni chokaa, Mwalimu. Yaishe."

Ukuta ukapakwa chokaa, wote ukawa mweupe. Chokaa ilipokauka, mwanamke akatokeza. Bunduki hazikutokeza, wala moto, wala minyororo. Yeye peke yake, na kikapu chake.

"Ni mkaa huo," Venance alisema, amesimama mlangoni. "Mkaa hupenya chokaa."

"Na bunduki tulizichora kwa mkaa."

Venance aliugusa ukuta kwa kidole, kisha akaondoka bila kuaga.

Jumamosi Febronia alipanda gari kwenda Kiberege kwa mama yake, Bi Sabina. Alimkuta barazani akipepeta pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa. Akamsalimia, kisha akamwonyesha picha ya ukuta kwenye simu.

Mama yake aliitazama, akailaza simu kifudifudi juu ya ungo.

"Nani kamchora huyu?"

"Wanafunzi wangu."

"Wapogoro wenzetu?"

"Hapana, mama. Mmoja Mndamba, mmoja Msukuma, mmoja wa watu wa pwani."

Kuku wakaanza kudonoa kwenye ungo, Bi Sabina asiwafukuze.

"Vita vilipokwisha," alisema hatimaye, "askari walichoma maghala. Kule milimani Mahenge njaa ikaua kuliko risasi. Bibi yangu akashuka na wenzake kutafuta chakula huku bondeni. Mmoja wao mtoto akamfia njiani. Akakataa kumzika ugenini. Akamlaza kikapuni, akamfunika, akatangulia mbele. Hakugeuka nyuma kamwe, maana angegeuka wangemwambia amtue. Alikuwa anachechemea..."

"Mguu wa kushoto."

"Wa kushoto. Asubuhi moja wakaamka hayupo. Hawakumtafuta."

"Mama, mimi nafundisha vita hivi. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefundisha nini? Kwamba tulimwacha?"

Jumatatu Febronia aliwasimulia kidato cha tatu yote, hata hilo la kuachwa. Hakuna aliyecheka. Sayi akainua mkono.

"Jina lake nani?"

"Hakuna anayelijua."

"Basi asitembee peke yake," alisema Sayi.

Wakakoroga udongo na majivu upya. Nyuma ya mwanamke kila mwanafunzi akachora mtu mmoja anayemfuata. Wengine walichora bibi zao, wengine wakajichora wenyewe na sare za shule, mpaka msafara ukazunguka kona na kufika dirishani. Venance aliona, hakukataza.

Bi Sabina alipopata habari, alikuja. Aliomba aachwe ndani peke yake. Febronia, akiwa nje, alisikia sauti ya mama yake ikizungumza Kipogoro polepole, ikikoma, ikingoja kama mtu anayesikiliza mwenzake, kisha ikiendelea.

Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Ulikuwa unasema nini, mama?"

"Namwomba radhi."

"Akajibu?"

Bi Sabina alijifunga kanga vizuri, akamshika bintiye mkono washuke ngazi. Wakaelekea stendi.

Harufu ya moshi haijasikika tena. Madawati yamerudi mahali pake, na Febronia amehamishia vipindi vyake vyote katika chumba kile. Wanafunzi wapya wakimuuliza habari za mwanamke, huwasimulia. Anachokwepa ni kubaki humo peke yake saa za mchana, jua linapokuwa utosini na mashamba yametulia, kwa sababu hapo ndipo anapohisi kwamba akiinua macho kutoka kwenye madaftari, atakuta mwanamke amegeuka.